Kwanza Kipimo, Salamu Baadaye

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Mbinga, mbele ya meza ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa yake. Nilimkuta mwanamke mwingine amekaa pale, nikauliza mwenye meza yuko wapi. Akanitazama kidogo. "Kumbe hujasikia, baba. Amefariki jana, gari likimpandisha kuja huku. Wamemrudisha kwao Kihagara, mazishi kesho." Sikununua kitu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mke wangu aliponiona mlangoni akajua kuna jambo. Niseme mapema, msomaji wangu, kwamba leo siandiki kwa upole. Nimetoka msibani na hasira, na sijaona sababu ya kuiacha hasira hiyo huko ziwani.

Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mama wa mwambao, Mnyasa, aliyepandisha usipa mkavu kwetu milimani na kuteremka na maharage. Tulifahamiana kwa kubishania bei, na sikumbuki kama niliwahi kumshinda. Kisha mumewe, mvuvi, akapatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukalegea, na maneno yakabaki ya kuhesabika. Tangu hapo kila mwezi ilibidi mzee apandishwe kliniki, na kwetu mgonjwa hapandi na mkewe tu, kwa sababu watu watasema ukoo umemtupa. Shemeji anakuja, shangazi anakuja, mjomba anakuja, na wote wanataka nauli, chakula na mahali pa kulala. Njia ni vumbi mpaka uikute lami, halafu ni kona za kupanda ambazo hata mzima zinamkoroga tumbo. Mzee akifika, safari yenyewe imeshampandisha presha. Daktari, ambaye foleni yake imefika nje, anaona namba kubwa na kuongeza dawa. "Kinachopimwa kule ni barabara, mwandishi," aliniambia siku moja huku akinifungia usipa. "Mume wangu hajapimwa bado."

Kwa hiyo mpango wa simu ulipofika zahanati ya kijijini kwao, mama alikuwa wa kwanza kumwandikisha mumewe. Mgonjwa anapewa mashine ya presha akae nayo nyumbani, na siku ya kliniki daktari anapiga simu ya video kutoka milimani, anaona kipimo, anauliza maswali, na dawa zinachukuliwa hapohapo zahanati. Siku ya simu ya kwanza ilikuwa kichekesho, na alipenda kuisimulia. Mzee alivalishwa koti la kanisani na kufungwa vifungo vyote, maana nani anaonana na daktari akiwa na fulana? Nyumba ilijaa. Kila mtu alitaka kumsalimu daktari, na daktari, binti mdogo mwenye adabu zake, akatoa shikamoo moja baada ya nyingine, akaulizwa habari za wazazi, za kazi na za mvua ya huko. Mzee naye kila salamu ilipopita alijikongoja kuinuka. Ulipofika wakati wa kipimo, hakuna aliyethubutu kumvua mzee koti mbele ya binti wa umri wa mwanawe, basi mkanda wa mashine ukafungwa juu ya mkono wa koti. Namba iliyotokea ilimshtua daktari, akawaambia watafute gari upesi.

Mama akaliangalia lile koti. "Daktari, ngoja," akasema. Aliwatoa watu wote nje, akamvua mzee koti, akamkalisha kimya kwa muda, kisha akafunga mkanda kwenye ngozi. Presha ilikuwa ya kawaida kabisa kwa mgonjwa anayemeza dawa zake. Kuanzia siku hiyo akaweka sheria ndani ya nyumba ile: mlango unafungwa, koti linavuliwa, na hakuna anayefungua mdomo mpaka mashine imalize. Kwanza kipimo, salamu baadaye. Ninyi mnaotoka mbali mtaona ni jambo dogo. Kwetu, kumkatiza mtu mzima salamu ni kumtukana, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, alinuna kwa muda mrefu. Kijiji kikampa jina, Mama Salamu Baadaye, kwa kumdhihaki. Akalichukua na kulifurahia, mpaka sokoni akawa anaitwa hivyo, na mteja akianza maneno mengi badala ya kununua alikuwa anamwambia hivyohivyo.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa wa kushangilia kila kitu chenye kioo. Walipokuja wageni kuukagua mpango huo, mkutano ukaitishwa, wakasifu sana vile vishikwambi walivyowagawia wauguzi. Mama akasimama. "Nesi wetu anaandika kwenye daftari, halafu anaandika yaleyale kwenye kishikwambi, na watoto wanamlilia kwenye foleni. Mmemletea msaidizi au mmemletea mke mwenza?" Watu walicheka sana, na wageni wakacheka nao. Yeye hakucheka. "Sijatania," akasema, na akabaki amesimama akisubiri jibu. Baadaye nesi aliruhusiwa kuandika mara moja tu. Nimehudhuria mikutano mingi katika kazi hii ya kalamu, na ni mara chache nimemwona mtu akisubiri jibu namna ile. Alijua jambo ambalo wengi wetu tunalipita, kwamba mzigo ukitoka kichwani kwa daktari na kutua kichwani kwa nesi, haujapungua hata kidogo.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Baada ya mazishi, yule shemeji alinifuata nilipokaa, akasema kwa sauti ya kusikika na wengine: "Hiyo ndiyo simu yenu, mwandishi. Mashine ya presha imo ndani ya nyumba, na mwenye nyumba kafa kwa presha. Tangu lini mtu akatibiwa na simu? Tutamrudisha kaka kliniki kama zamani." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Pale msibani nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Hapa sinyamazi. Ni kweli alianguka akianika usipa, na nesi alipompima akakuta presha ipo juu kupita kiasi. Ni kweli pia kwamba gari la kumpandisha lilichelewa, na kwamba njia ya vumbi haikumwonea huruma. Simu haikumuua. Simu ilimpunguzia safari za kuchosha na ikamhifadhia mumewe, ambaye bado yu hai. Kilichonikera ni kwamba katika mpango mzima ule, yeye aliandikwa kama namba ya simu ya mgonjwa. Kila mwezi aliulizwa mzee amekulaje, mzee amelalaje. Kichwa kilikuwa kikimuuma, wanawake wenzake wanasema hivyo, na walipomwambia ajipime alijibu kwamba mashine ni ya mzee. Basi wanaotaka tuitupe mashine turudi kwenye kona za kila mwezi, tunawakatalia. Na waliotuletea mashine wakaona wamemaliza habari ya barabara na gari la wagonjwa, nao tunawakatalia.

Nilibaki matanga, na siku ya tatu ikawa siku ya kliniki. Simu ililia katikati ya waombolezaji, ndani ya kapu alimokuwa akiiweka marehemu. "Zimeni hiyo," shemeji akasema. "Hapa kuna msiba." Binti wa marehemu aliitoa akabaki ameishika, hajui afanye nini, na watu walikuwa kwenye mstari wakimpa baba yake mkono wa pole. Ndipo tukamwona mzee anahangaika na vifungo vya koti kwa mkono wake wa kushoto. Binti akapokea simu, akamsaidia kulivua. Mwombolezaji aliyefuata alikuwa mzee mwenzake, mtu wa heshima zake, na alishafungua mdomo. Mgonjwa akainua kiganja kumzuia. "Salamu," akasema, akapumzika, "baadaye." Nililia, sioni aibu kusema. Binti akamfunga mkanda, na nyumba nzima ikakaa kimya mpaka mashine ikamaliza, na shemeji alikuwa kimya pamoja nasi.

Daktari aliiona namba, akasema ni nzuri, kisha akatoa pole. Binti akataka kuukunja mkanda. Mzee akaushika, akauvuta, akausukuma kwenye mkono wa binti yake. "Wewe," akasema. Kwenye simu daktari akamwambia binti aketi, apumzike kidogo, afunge mkanda. Nami nawaambia hivyohivyo wote wanaopanga kutuletea chombo kipya huku kwetu, na sitaacha kuwaambia: mkishampima mgonjwa, msikate simu. Aliyemfungia mkanda bado hajapimwa.