Siku za Bibi Skolastika

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, ingawa sasa nimepita miaka themanini na wote walionicheka siku ile wameshatangulia. Kaa, usitazame saa. Basi lako ni la kesho, na kwa kuwa unakwenda kusomea uuguzi, habari hii ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa zahanati ya kijiji chetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda, kuchemsha sindano na kufagia. Watu waliniita dokta, na mimi, mjinga, nikaitika. Kisha nikazua ufundi ambao hakuna aliyenifundisha: kumtazama mgonjwa na kutaja siku zake. Wazee wawili nilisema hawamalizi wiki, nao hawakumaliza. Loo, nilivimba kichwa! Watu wakaanza kunifuata nyumbani kuuliza fulani amebakiza muda gani, nami najibu nimefumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao. Wale niliokosea siku zao, na walikuwa wengi, hakuna aliyewahesabu, na mimi sikuwakumbusha.

Mwaka huo Bibi Skolastika, mama yake baba, akaugua mvua zikiwa zimekolea. Miguu ilivimba, akilala anakosa pumzi, ikawa usingizi wake ni wa kuketi. Nikabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Nikatoka nje nikamwambia baba kwamba mama yake haoni mavuno. Baba akauliza kama tumpeleke hospitali ya mjini. Nikamwambia asimsumbue mzee bure, nikamalizia kwa methali, maana kijana mwenye kiburi hakosi methali: sikio la kufa halisikii dawa. Baba alilia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiandaa, akatafuta mbao za jeneza akaziweka darini.

Wewe umekulia mjini, Mazwi, huenda hujui kilimo chetu cha intumba. Tunakata majani wakati wa mvua, tunayafunika udongo yawe matuta ya duara, yanaozea humo ndani. Mwaka uleule unapanda maharage juu yake. Ulezi unaupanda mwaka wa pili, ukishayabomoa. Kwa hiyo anayepiga matuta leo anategemea kula mwakani. Na tulilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mwenye shamba anapika pombe. Zamu ya Bibi ilipofika, nikasema tumruke. Ulezi wa mwakani ataula nani? Shamba lake nikaomba nipewe mimi, maana nilikuwa natafuta kuoa. Wazee wakakubali, dokta kasema. Ndiyo ile tamaa mbele, mauti nyuma, ila mimi mauti nilimwekea mwenzangu.

Asubuhi tunaanza kulima humo kwa jina langu, tukamwona Bibi anakuja. Mama yangu amemshika mkono na kumbebea jembe, naye anapumzika kila hatua tano. Akawekewa kigoda ukingoni mwa shamba. Akahema mpaka pumzi ikarudi, akavuta majani kwa jembe, akayafunika udongo. Lilikuwa tuta dogo, limepinda, lakini lilikuwa tuta. Majembe yetu yote yakasimama. Akaniita kwa jina la ubatizo, jambo alilolifanya akikasirika tu.

"Ladislausi, ulipobonyeza mguu wangu uliona maji. Siku zangu uliziona wapi?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini kuwa ni elimu ya zahanati.

"Basi elimu yako ikutume kunitafutia dawa. Isikutume kugawa shamba langu."

Mzee mmoja akaanza kucheka, na shamba zima likafuata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini aibu hiyohiyo ndiyo iliyonipa akili. Nikatupa jembe, nikafunga blanketi kwenye miti miwili kuwa machela, na wanaume wanane tukamchukua hadi mjini. Wenzangu walipokezana, mimi sikukubali kupokewa njia nzima. Huku nyuma wanawake wakamaliza matuta yake yote siku hiyohiyo, kwa nyimbo, bila tone la pombe.

Hospitali wakampa dawa za kutoa maji. Wiki ya tatu alirudi kijijini na miguu myembamba, na kabla ya kuitikia shikamoo zetu akauliza maharage yake yameotaje. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi! Mwaka uliofuata alimwaga ulezi kwa mkono wake, akavuna, akapika pombe, akaita kijiji. Zile mbao za jeneza akamwamuru baba azifanye meza, na juu ya meza hiyo tulikula siku ya harusi yangu. Aliishi miaka kumi na minane baada ya hukumu yangu. Alimzika hata mganga mkuu wa zahanati yetu, akabeba mgongoni watoto wangu watano. Shamba hakunipa ng'o.

Sikuambii watu hawafi. Kila mwili una kikomo chake, na Bibi naye alikifikia, asubuhi moja akipepeta ulezi. Jana yake nilikuwa naye tunapiga soga, na mimi, mtabiri mkubwa, sikuona kitu.

Basi shika hili, mwanangu. Ukiulizwa mgonjwa amebakiza siku ngapi, sema ulichokiona mwilini mwake, sema kweli hata ikiwa chungu, kisha sema siku zake huzijui, kwa sababu huzijui. Usimruke mtu zamu yake angali anahema. Na ukiusikia moyo wako una haraka ya kutamka kwamba fulani hafiki mbali, uulize kwanza unataka nini kutoka kwake.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe mikono myepesi na macho ya kuona maradhi mapema. Na kila utakapomkatia mtu tamaa, akuaibishe: mgonjwa wako ainuke, alime, avune, akucheke mbele za watu. Nakuombea uchekwe hivyo mpaka uzeeke.