Siku Niliyomsoma Mama Kwenye Kipaza Sauti

Wengi mnanijua kwa magari na kwa ile nyumba ya vigae barabara ya kwenda Chala, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu, niliishia darasa la nne na hakuna aliyenishika mkono. Lakini watu wa rika langu hapa Sumbawanga wakinitaja wananitaja kwa jambo jingine kabisa, jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu garini huongeza sauti ya redio ili nisijisikie. Basi nalisema mwenyewe, bora mlipate kwangu na aibu yake yote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, Serikali ilipokubali watu binafsi wanunue mahindi, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuacha baiskeli na kupanda lori (lori kuukuu, breki mpaka ukanyage mara mbili, lakini lori). Nilikuwa pia muumini wa kundi moja la dini lenye sheria kali, jina lake siliandiki kwa sababu waliobaki ni majirani zangu. Hatukunywa pombe, hatukwenda ngomani, na hatukukanyaga kanisa la watu wengine hata kwa mazishi. Mama yangu, Felista, alizaliwa Mkatoliki kama Wafipa wengi, akanifuata kwenye kundi kwa sababu moja tu, mimi ni mtoto wake wa pekee na hakutaka tusali mbalimbali.

Sasa kundi lilikuwa na desturi yake. Mtu akitoka, au akivunja sheria akakataa kutubu, aliitwa muasi, na jina lake lilisomwa mbele ya wote siku ya Jumapili. Kuanzia hapo hakuna kumsalimu, hakuna kula naye, hakuna kupokea kitu mkononi mwake. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakipishana kwenye kijia chembamba, kila mmoja anatazama shamba la upande wake kama mtu anayehesabu mabua. Wakati ule niliona ndiyo usafi wenyewe. Sasa sijui niliona nini.

Mwaka huo nikanunua kipaza sauti Tunduma, kile cha tarumbeta mbili kinachotumia betri ya gari, nikakitoa zawadi kwenye kundi, na tarumbeta zote mbili nikaagiza zielekezwe sokoni (Mtumishi Zabroni, kiongozi wetu, alitaka moja iangalie ndani, nikamwambia walio ndani wameshaokoka). Na kwa kuwa kipaza kilitoka kwangu nikaomba karatasi ya waasi niwe naisoma mimi. Hapa niseme ukweli, lile darasa la nne nilitoka nalo mtupu, kusoma nilikuja kukujua ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na nilikuwa navuta silabi kama mtu anayevuta ng'ombe kwenye tope, lakini nilitaka mji mzima usikie kwamba Desideri naye anasoma.

Jumanne ya wiki hiyo Mama alinifuata gereji nilikokuwa nafungiwa springi. Akasema ana neno na mimi. Nikamwambia tutaongea Jumapili, haoni nina haraka? Akakaa kidogo juu ya tairi bovu, akafuta vumbi kwenye khanga yake, akaondoka. Neno lenyewe nilikuja kulijua baadaye. Dada yake alikuwa amefariki kule Chala (habari ya msiba niliipata, nikapeleka gunia la mahindi nikaona nimeshazika), na Mama alipokwenda aliingia kanisani na wafiwa wenzake, akasali misa, akaimba nyimbo za utoto wake mpaka mwisho. Aliporudi hakujificha, alikwenda mwenyewe kwa Mtumishi akamweleza, na alipotakiwa atubu akasema kila kitu anaweza kukitubu, lakini kumzika dada yake hapana.

Jumapili ikafika. Nilivaa koti langu la mtumba, la kijivu, zito, nadhani mwenye koti wa kwanza alikuwa hakimu. Mtumishi Zabroni akaniita pembeni karatasi ikiwa mkononi, akaniambia taratibu, "Ndugu Desideri, pitia kwanza kabla hujasimama." Mimi nikaona ananidharau, anataka kunipima kama najua kusoma. Nikamwambia nasoma hati za mizigo kila siku, karatasi ya mistari mitatu itanishinda? Akanitazama, akaninyooshea. Nikaichukua karatasi nikaikunja mfukoni bila kuitupia jicho, na uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo namna hiyo.

Saa ya kusoma nikasimama, nikakohoa kwenye kipaza makusudi ili sokoni wajue kuna jambo. Jina la kwanza lilikuwa fundi baiskeli mmoja aliyerudia pombe, nikalivuta mpaka likaisha, nikamalizia kwa maneno yetu: ni muasi, msimsalimu, msile naye, msipokee kitu mkononi mwake. La pili lilikuwa dada mmoja aliyeolewa na Mkatoliki kule Laela, nikalisoma vizuri zaidi, nikasikia sauti yangu inagonga mabati ya maduka na kurudi, nikanogewa.

Nikaanza la tatu. "Fe-li..."

Nikasimama. Nikatazama tena, nikadhani macho, nikaendelea kimoyomoyo mpaka jina la babu yangu mzaa mama, na likawa ndilo hilo. Jasho likanitoka ndani ya koti la hakimu. Nje watu walikuwa wanatoka misa ya kwanza na kukatiza sokoni, barabara imejaa, na kipaza kiko wazi kinapeleka pumzi zangu mpaka kwa wauza dagaa. Kijana mmoja dirishani akasema, "Limemgomea. Mshikaji darasa limekwisha." Wakacheka, wa nje wakacheka, hata ndani nikaona mabega mawili matatu yanatikisika.

Ndugu zangu, ningeweza kukaa. Ningeweza kusema naumwa, ningeweza kuchomoa waya kwenye betri, betri ilikuwa pale kwenye mguu wangu. Lakini kilichoniuma dakika ile, Mungu anisamehe, ni kwamba watu wanadhani sijui kusoma. Nikainua karatasi nikasoma jina la mama yangu lote, na jina la baba yake, kwa sauti kuliko yale mawili, bila kuvuta hata silabi moja, kisha nikamalizia na yale maneno mengine mpaka mkononi mwake.

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia kipaza kinavuma.

Mama alikuwa na meza yake ya ulezi pale pale sokoni, na kila Jumapili ibada ikiisha aliniletea togwa kwenye jagi la bati (siku hiyo hakuingia ibadani, alibaki mezani). Nilipotoka nikamkuta amesimama langoni na jagi lake, amelishika kwa mikono miwili, nyuma yake soko zima, nyuma yangu kundi zima na Mtumishi mlangoni. Alilinyoosha tu lile jagi kama Jumapili zote. Na mimi, mtu mzima mwenye lori, sikusema shikamoo, nikatia mikono mifukoni nikatazama viatu vyangu.

Mama Tekla, jirani yake wa meza, akaniuliza kama mikono imekatika. Akasema huyu mama amekulisha kwa ulezi wa kupima kwa kikombe, leo unamtangaza kama mbuzi aliyepotea. Mama akamgusa bega.

"Mwache, Tekla," akasema. "Mwanangu amesoma vizuri."

Akageuka na jagi lake, na watu wakampisha njia.

Kesho yake nikaenda Laela kununua mahindi, nikidhani nimeacha mambo nyumbani, kumbe basi la asubuhi limenitangulia na habari zote. Akina mama walikuwa wameshateremsha magunia kando ya barabara. Nikasalimia, kimya. Nikasalimia tena kwa Kifipa, kimya. Mmoja wao, mzee kidogo, akasema akitazama gari na si mimi, "Sisi sote hapa jana tulikuwa misani, bwana. Utapokeaje kitu mikononi mwetu?" Stendi nzima ikaangua kicheko, na lori langu likarudi Sumbawanga tupu, linarukaruka kwenye mashimo kama debe.

Nilikwenda kwa Mtumishi nikamwomba alifute lile jina. Akasema litafutwa Mama akisimama mbele ya watu na kukiri kosa. Nikamwambia hatakiri. Akasema, "Nilikuambia upitie kwanza," na ni kweli aliniambia. Wiki hiyo nikatoka kwenye kundi, na Jumapili yangu ikafika, nikasomwa kwa kipaza kile kile, na kijana anayejua kusoma kunishinda mimi, hakukwama hata mahali pamoja.

Tangu siku ile karatasi yoyote ya majina ya watu siisomi hadharani, hata orodha ya wachangiaji wa harusi nampa mwingine. Na Mama nilimwendea jioni ile ile niliyotoka, nikapiga magoti mlangoni nikamwomba msamaha, akasema amesamehe, na naamini alisamehe kweli, tulikula pamoja. Nimemjengea, nimemwekea bomba la maji uani, kila Jumapili nampeleka misa kwa gari. Nikifika hushuka kwanza, nainama, nasema shikamoo Mama kabla hajaniona vizuri. Naye hunitazama kidogo, kama mama muuza ulezi anavyomtazama mteja mwenye koti zuri, kisha hujibu kwa upole kabisa:

"Marahaba, bwana."