Aliyeniambia Nipunguze Karatasi

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa na shule ikafa pamoja naye. Tangu hapo sijamlilia mtu wa vitabu. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnaujua ulimi wangu kwa wasomi. Lakini Alhamisi, nilipoambiwa kwamba profesa wetu wa sumaku ameaga dunia, niliweka koleo chini, nikafunga atelie, karakana yangu ya kusuka upya motere za umeme, mchana kweupe.

Alikuwa mtoto wa Kisangani aliyefanya kazi Ulaya, kwenye sumaku kubwa zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika, kisha akarudi kufundisha hapa. Siku tuliyojuana alikuwa amekaa kwenye benchi langu akingoja feni yake. Akaingia mama mwenye mashine ya kusaga mihogo, jasho tele: "Papa, motere uliyonisukia imeungua tena! Sasa nitasaga na meno?" Watoto wake walikula kwa mashine ile. Nikamjibu kwamba nitaongeza karatasi ya kukinga waya, safu juu ya safu. Profesa akacheka. "Papa, na jua hili lote, unaivalisha makoti?" Nikamwambia: "Bon, wewe soma, mimi nifunge. Waya zikigusana, inakufa." "Iko kweli. Lakini hata joto linaua." Akachukua waya, akauzungushia utepe huku akiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko. Kule Ulaya, alisema, umeme unafungiwa, ila heliamu inaachiwa njia ya kupenya ichukue joto. Likibaki ndani hata kidogo, sumaku nzima inapoteza nguvu. "Basi na mimi niache nafasi?" "Hapana, papa! Hapa hakuna heliamu. Hewa iliyofungiwa iko blanketi. Punguza karatasi, ujaze vanishi mpaka ndani, ipitishe joto."

Nilikasirika, na nikafanya. Motere ile bado inasaga; unga wa fufu, ugali wetu wa mihogo, tuliokula kwenye matanga ya profesa ulitoka pale.

Nimeona wasomi wanaoyakariri ya Ulaya kama katekisimu. Huyu alijua kwamba ugonjwa waweza kuwa mmoja, dawa zikawa mbili. Na sisi mafundi tunaufungia ujuzi wetu kwa kuogopa kuibiwa, mwisho tunaungua nao. Ukikinga kitu, kwanza jiulize joto lake litapitia wapi kutoka.

Leo nina nyumba ya matofali mtaa wa Tshopo, atelie yenye mabati mapya, pikipiki, mbuzi wachache, na kile kipande cha waya alichokizungushia profesa utepe wa rangi ya asali.