Mtoto Asiyeamkia Watu

Huku kwetu Iringa mtoto akipita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia, anayesemwa si mtoto, ni mama yake. Binti yangu wa mwisho alipotimiza miaka mitatu nilikuwa nimeshasemwa vya kutosha. Alikuwa hajatamka neno hata moja. Wakubwa zake wawili waliongea mapema mpaka nikachoka kuwanyamazisha, lakini huyu alikatiza katikati ya akina mama wa kanisani kimya, kichwa juu, kama diwani asiyehitaji tena kura zetu.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani alisema ni katuni. Mwenzangu wa kwaya alisema ni lugha: baba Msukuma, mama Mhehe, wapangaji wenzetu Wabena, wakubwa zake wanarudi shuleni na Kiingereza, sasa mtoto aanzie wapi? Mwingine aliniambia waziwazi kwamba nimemdekeza. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikamjibu kwamba wa kwake wanaongea sana na hakuna la maana wanalosema. Tulinuniana mpaka Pasaka. Lakini nikibaki peke yangu maneno yao yaliniuma, na zaidi ya kuniuma yalinitia udadisi. Nilikuwa namwangalia akila, akicheza, akinitazama, najiuliza humo kichwani mwake kuna nini.

Mama mkwe wangu wa Chimala hakuwa na cha kujiuliza. Familia yao ilihama na ng'ombe kutoka Shinyanga mume wangu akiwa mdogo, wakaweka makazi bonde la Usangu, na mama alihama na majibu yake yote. Alisema ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, kinaziba maneno, kikikatwa mtoto ataongea. Alishampata na mzee wa kukata. "Wote hawa niliwakatishaga," aliniambia kwenye simu, yaani mume wangu na ndugu zake. Mume wangu, ambaye anaendesha lori na nyumbani anaonekana kwa nadra, akaniambia nimsikilize mama. Mimi nilikuwa nimemwona mtoto wa mtaani kwetu aliyekatwa kimeo akavuja damu mpaka akakimbizwa hospitali. Niliogopa, na nikaacha kupokea simu za Chimala.

Kazi yangu ni ushonaji. Binti yangu alipenda kukaa chini ya meza ya cherehani, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa chuma, nami nilijivunia kwamba amependa kazi ya mama yake. Siku moja nilimwona kule chini ameshika mkasi. Nikamwita. Nikapaza sauti, nikapiga kelele mpaka mteja mlangoni akashtuka, mtoto wala hakugeuka. Nikatoa mguu kwenye pedeli ili niinuke. Cherehani iliposimama tu, akageuka na kunitazama.

Nilimnyang'anya mkasi, lakini sikurudi kushona. Nilisimama nyuma yake nikapiga makofi. Hakutikisika. Nikawasha redio na kuifungulia mpaka mwisho, yeye akaendelea kupanga vifungo kwa rangi zake. Nikakanyaga pedeli kidogo, mguu wa chuma ukamtetemesha mgongoni, akacheka. Nikakaa sakafuni juu ya vitambaa, nikalia, naye akaja kunifuta machozi kwa kipande cha kitenge cha mteja.

Zahanati walituandikia twende Mbeya, hospitali kubwa, akapimwe masikio. Barabara ya Mbeya inapita Chimala, na kupita mlangoni kwa mama mkwe bila kushuka ni kosa ambalo ukoo mzima ungelisimulia mpaka nizeeke. Tukashuka.

Mume wangu alikuwa amempigia mama simu kwamba tunapita, na mzee wa vimeo alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kigoda, kifaa chake amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Mama alinipokea vizuri, akaniita ng'wanawane, mwanangu, kama anavyoniita siku zote.

"Ukae tu utulie, ni kitu cha mara moja," alisema. "Nyie wa siku hizi mnaogopaga bure."

"Mama, mtoto hasikii."

"Si kiburi hicho! Namwitaga hapa, ananipita hivi hivi."

"Hasikii kwa masikio, mama."

Hakunielewa, au hakutaka kunielewa. Akaelekea uani, ambako binti yangu alikuwa amechuchumaa na binamu zake wakichambua mchele kwenye ungo. Nikamkamata mkono. Sikuwahi kumshika mama mkwe namna ile wala sikudhani ningethubutu.

"Nipe dakika moja. Baada ya hapo utafanya unavyotaka."

Nilimdanganya. Nisingemwachia hata kwa viboko. Nilichukua sinia kubwa la bati na mwiko, nikaenda nyuma ya watoto, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Kuku waliruka, mbwa akatoka mbio, binamu wakapiga yowe na mmoja wao akamwaga mchele. Mzee wa vimeo alijikuta amesimama. Binti yangu aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa pembeni, akainama kutafuta kingine.

"Rudia," mama alisema.

Nikarudia. Akaninyang'anya mwiko akapiga mwenyewe, karibu kabisa na kisogo cha mjukuu wake, akapiga tena. Halafu akamgeukia mzee na kumwambia maneno machache kwa Kisukuma. Mzee alikusanya kitambaa chake akaondoka bila hata kunywa chai.

Nilidhani nitafurahi. Nilichosikia ni uchovu tu, na njaa. Mama aliweka sinia chini, akazunguka polepole, akachuchumaa mbele ya mtoto. Mtoto alipomwona alitabasamu, akampa kijiwe alichokuwa amekitoa. Bibi yake akakipokea, akawa anakigeuzageuza kiganjani. Kisha akaniuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayechelea kumwamsha mtoto:

"Sasa ng'wanawane, sisi tukifunguaga midomo hivi, yeye anaonaga tunafanya nini?"