Kitufe cha Hapana

Milcah Nanjala hakujua kutulia. Akikaa, mguu unatikisika. Akisimama, kalamu inagonga meza. Bwana Dilip, mwenye studio ya video za arusi Mtaa wa Biashara, alimwajiri apige chapa kadi za mialiko, lakini hakupata amani mpaka alipomnunulia kompyuta ya kusoma diski za CD. Mwaka huo, 1996, Milcah alikuwa amejitwika kazi ambayo Nairobi nzima waliijua wachache: kutunga video inayomuuliza mtazamaji swali, kisha inafuata jibu lake.

Aliitunga kwa ajili ya kliniki moja ya Riruta. Kwenye skrini mtoto anaharisha. Mama mkwe anaingia na amri: "Usimpe maji, utamzidishia." Chini vinatokea vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ukibonyeza Hapana, mtoto anapewa maji ya chumvi na sukari, anapona. Ukibonyeza Ndiyo, macho yake yanadidimia. Ijumaa daktari wa kliniki angekuja kuamua. Akiikataa, Dilip alishasema, Milcah atarudi kwenye kadi zake.

Jumatano akaita akina mama wanane waijaribu. Wote wanane wakabonyeza Ndiyo. Milcah akahesabu tena. Watu wazima, wengine wamelea watoto sita, na hawajui maji?

"Mama Isaiah, kwani clinic hamkufundishwa?" Milcah akamuuliza Peres, aliyekuwa wa mwisho kujaribu.

"Tulifundishwa. Mtoto lazima apewe maji."

"Sasa mbona umefinya Ndiyo?"

Peres akamtazama kama mtu asiyefunzwa na mamaye. "Huyo si mama mkwe? Nimwambie hapana kwa uso?"

"Na nyumbani ungefanya aje?"

"Ningenyamaza tu. Akienda kwa jirani, napea mtoto maji."

Milcah alitaka kucheka, akataka kulia. Miezi mitano amechora njia mbili, na ile wanayopita watu haikuwemo. Bahati nzuri alikuwa na picha za yule mama mkwe, bibi wa mtoto, akijifunga leso na kutoka. Akaupanga mchezo upya, bila kula vizuri wala kukaa vizuri: usipogusa kitu kwa sekunde kumi na tano, bibi anaondoka zake, na maji yanaletwa.

Ijumaa Daktari Vimla alisimama nyuma yake, Dilip pembeni, Peres, aliyeitwa tena, mlangoni. Milcah mwenyewe akashika kipanya. Bibi akatoa amri, akanyamaza, akamkodolea macho. Sekunde ya tano. Ya nane.

"Milcah, hii kitu imekufa?" Dilip akanong'ona.

Mguu ukaanza. Bibi bado anangoja jibu, vile wakubwa wanavyongoja. Ya kumi na moja. Kidole kikamponyoka, kikabonyeza Ndiyo.

Macho ya mtoto yakadidimia. Aibu ilimpanda Milcah hadi masikioni.

"Umemuua," Peres akasema, wala si kwa ubaya. "Hebu toka hapo, dada."

Peres akaketi, mikono mapajani, video ikaanza upya. Bibi akaamuru. Peres akainamisha macho kwa heshima na kungoja kama mtu anayengoja uji upoe. Bibi akajifunga leso, akatoka. Maji yakaletwa.

"Jumatatu video iwe imefika kliniki," Daktari Vimla akamwambia Milcah. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na Peres. "Miaka kumi na moja nimewafundisha mseme hapana. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia haiwezekani?"

Peres akainamisha macho, akanyamaza.