Mambo Matatu Aliyoniambia Fundi wa Soni

Mwaka ule mama mkwe wangu alikuwa amebakiwa na jicho moja tu linaloona, nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Daktari wa macho alikuwa anafika hospitali ya Tanga kwa siku chache, na jina la mama liliandikwa Jumanne. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Kazi ya kumshusha mama ikabaki kwangu.

Nilikuwa na duka la mbegu na dawa za mboga Lushoto, na pikapu ya mtumba, moja ya yale magari yaliyoanza kumiminika biashara ilipofunguliwa. Magari yalikuja mengi, na watu waliojiita mafundi wakazuka wengi zaidi. Mmoja wa Dar aliniomba nimwachie gari siku mbili atengeneze taa. Nilipolifuata, taa ziliwaka, lakini betri yangu mpya ilikuwa imegeuka kuukuu. Tangu hapo nikimwona mtu na spana, nashika funguo zangu.

Jumatatu saa mbili asubuhi tuliondoka Lushoto. Mama alikuwa amelala kwetu baada ya kutoka kijijini kwake Mgwashi. Alikaa upande wa dirisha, akaweka kikapu chake katikati yetu, kwa sababu mkwe na mkwewe hawakai bega kwa bega hivi hivi. Ukungu ulikuwa bado haujainuka bondeni, na niliendesha polepole.

Soni tulifika mshale wa joto la injini ukiwa juu. Nikaegesha karibu na wauza karoti. Kabla sijafungua boneti alikuja mtu mwembamba mwenye ovaroli, akanisalimu vizuri, akampa mama shikamoo. Aliitwa Fundi Hoza. Aligusa huku na huku, akalala chini ya gari, akachungulia magurudumu ya nyuma, kisha akainuka akijifuta mikono.

"Mghoshi, gari lako lina mambo matatu," akasema, akiniita bwana kwa Kisambaa. "Pampu ya maji imekufa. Giaboksi inataka kushushwa. Na breki za nyuma si za kuaminika. Niachie mpaka Alhamisi."

Niliposikia "niachie", nikaona betri yangu ya Dar.

"Alhamisi daktari atakuwa ameondoka," nikamwambia.

"Basi uchague. Lakini ukimshusha mama huyu mpaka Mombo na gari hili, mimi simo."

Alitaja na bei. Sitaiandika hapa, ila ilinifanya nicheke kwa hasira. Niliongeza maji kwenye rejeta, nikawasha gari, nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani.

Kutoka Soni barabara inaning'inia ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila vilele vya miti iliyoota chini sana. Nimeipita mara nyingi nikipiga mluzi. Siku hiyo kila nilipokanyaga breki nilisikiliza. Giaboksi ilivuma, je, ilivuma hivi jana? Harufu ile ilikuwa ya moto au ya majani yanayochomwa shambani? Maneno ya yule mtu yalikuwa yamepanda nami garini. Nilijilazimisha kukaa wima ili mama asijue.

"Mwanangu," akasema mama ghafla, "mbona unapumua hivyo?"

"Kona tu, mama."

Kilomita tatu hivi chini ya Soni, nilikanyaga breki mguu ukazama mpaka chini. Nikakanyaga tena. Ilishika kidogo, ikaachia. Mbele palikuwa na kona ya kushoto na lori la mkaa likipanda. Nikaingiza gia ya pili, gari likanguruma, nikalazimisha ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikaligeuzia gari ukuta wa mlima. Gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Ubavu ukakwaruza mwamba, hatua nyingi, kwa sauti ambayo sijaisahau. Kisha tukasimama.

Mama alikuwa anasoma dua kwa sauti ndogo. Aliimaliza yote ndipo akanigeukia.

"Yule fundi alisema breki?"

"Alisema mambo matatu, mama. Nikadhani yote ni uongo."

"Alikuonyesha hata moja?"

"Hapana."

"Na wewe hukumwomba akuonyeshe."

Mwanamke aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe juu ya barabara aliteremka mbio, akamchukua mama nyumbani kwake, akampa kigoda na chai. "Nenda, kaka," akaniambia. "Mama yuko kwake hapa." Nilidandia lori la maharage nikarudi Soni kumchukua Hoza.

Saa tano nilikuwa na Hoza kando ya pikapu. Hakunisema. Nilimwambia sitaki maelezo, nataka kuona. Akafungua gurudumu la nyuma, nami nikachuchumaa hadi shavu langu likakaribia lake. Ndani kulikuwa kumelowa mafuta ya breki. Akatoa kipande kidogo cha raba, akakibana vidoleni kikafunguka mpasuko.

"Hii ndiyo iliyotaka kukuua," akasema.

"Na pampu ya maji?"

Akafungua boneti, akabonyeza mkanda wa feni. Ulikuwa umelegea tu; pampu yenyewe ilikuwa nzima. Akaukaza.

"Na giaboksi?"

Aliinama kukusanya spana. "Giaboksi ni nzima."

Nikamwinulia ile raba iliyopasuka. "Ungeniambia la breki peke yake ningekusikiliza! Umelifukia kwenye uongo wako, nikalitupa lote. Tungekufa, Hoza."

"Karakana zimekuwa nyingi," akasema taratibu. "Gari likisimama Soni, sijui lingine litasimama lini. Nilipoona umeondoka, sikuweza kushika kazi tena."

Alitia raba mpya, akanionyesha pakiti yake kabla ya kuifungua, akajaza mafuta, akanikanyagisha breki mpaka ikawa ngumu. Tukalitoa gari mtaroni kwa msaada wa wapita njia. Mama aliletwa akishikwa mkono, akaambiwa gari limepona. Hakupanda.

"Fundi," akasema, "kama umelitengeneza, panda twende wote mpaka Mombo."

Hoza alitupa mfuko wa spana nyuma ya pikapu, akapanda bila kusita. Nilishuka kona zile zote nikimwona kwenye kioo, ameshika ukingo kwa mikono miwili, na hofu haikuniacha hata mara moja. Breki ilishika kila nilipoihitaji. Mombo kulikuwa na joto na vumbi. Nikamlipa kazi aliyoifanya, akavuka barabara kutafuta lifti ya kurudi.

Alasiri tulipita Korogwe, kisha Muheza, na jua lilikuwa halijazama tulipofika Tanga. Jumanne mama alipasuliwa. Siku nne baadaye tuliianza safari ya kurudi, yeye akiwa na kitambaa cheupe juu ya jicho, akilalamikia chakula cha hospitali.

Soni tulisimama kununua karoti. Pikapu nyingine ilikuwa imeegeshwa, miguu ya Hoza ikitokeza chini yake. Mwenye gari, mwalimu kutoka Bumbuli, alinivuta kando.

"Samahani, ndugu. Huyu fundi unamjua? Anaaminika?"

Mlio wa spana chini ya gari ukakoma. Nilikuwa nimeapa kumtangaza kila mahali kuwa mwongo. Nilikuwa pia nimemwona amepanda nyuma ya gari langu.

"Kazi anaijua," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Ila usilipe kwa maneno yake tu. Kila anachokitaja akuonyeshe kwa macho, na akimaliza apande, mkalijaribu wote."

Kisha mkono wenye grisi ukatokeza chini ya gari, ukamwita yule mwalimu.

"Njoo, mwalimu. Chuchumaa hapa uone."