Nilifundisha meiosis miaka tisa, halafu nikamng'olea mama mkwe kahawa yake yote

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, rika langu habari za mihangaiko.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Mke wangu naye yumo humu anasoma kimyakimya, nikidanganya ataniumbua.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwetu ni Mara, lakini ajira ilinileta Nyasa, nafundisha sekondari moja Mbaha, ziwani kabisa. Nikaoa Mmatengo kutoka Ukata, kule juu Mbinga. Anaitwa Oliva.

Baba mkwe sikumkuta. Alifariki Oliva akiwa darasa la sita. Aliacha nyumba ya tofali na kahawa kwenye mteremko chini ya nyumba, aliyoipanda kwa mkono wake mwaka aliooa. Miti mirefu, imechoka, majani yake machanga yanatoka na rangi ya kahawia kabla hayajawa kijani.

Tatizo lilikuwa chulebuni. Kwa wasiolima kahawa, huo ni ugonjwa. Tunda likiwa bado bichi linapata doa jeusi, doa linadidimia, tunda linakauka na kudondoka. Mama mkwe alikuwa anavuna kidogo mno, na ndiyo kahawa iliyosomesha watoto wake watatu.

Sasa jirani yake wa mpakani, baba Deo, alikuwa na miti chotara kama kumi hivi. Mifupi, imeshiba, machipukizi ya kijani, inazaa mpaka matawi yanainama. Doa hata moja hakuna.

Nikaona hapa ndipo pa mkwe msomi kujipatia jina.

Likizo ya Juni nikamwomba baba Deo matunda yaliyoiva ya ule mti wake bora kuliko yote. Akanipa kisado kizima, mtu mkarimu sana. Nikamenya, nikakausha mbegu kivulini, nikasia kitaluni. Miche ikatoka mizuri kweli, nikaipiga na picha.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, nikamwambia mama ile ya zamani ing'olewe.

Akauangalia mteremko. "Yote, mwalimu?"

"Yote mama. Ukiacha hata mmoja utaambukiza hawa watoto wa kitaluni."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Hapa nisimame kidogo. Kwa heshima niliyoikuta pale nyumbani, mkwe habishiwi. Ukisema chai haina sukari, sukari inaletwa hata kama ilishawekwa. Mimi nikadhani mama amekubali, kumbe alikuwa amenyamaza tu.

Mimi na shemeji Kasto tuling'oa siku mbili. Mama hakutoka jikoni siku zote mbili, na mimi sikujiuliza kwa nini. Leo nikikumbuka naona aibu.

Mwaka wa tatu baada ya kupandwa, miche ikazaa. Mama akapiga simu: "Mwalimu, njoo uwaone watoto wako."

Nikashuka kwenye gari Mbinga mjini, nikachukua bodaboda hadi Ukata, nimejaa tabasamu.

Wakuu, nilichokiona! Mti huu mfupi, wa pili yake umeniacha kwa urefu. Huu jani pana, ule jani jembamba. Huu umezaa safi kabisa, unaofuata matunda yana madoa meusi tii. Karibu nusu ya shamba ilikuwa inaumwa ugonjwa uleule niliokuja kuufukuza.

Mama ndiye aliyeanza kusema.

"Nimewaangalia tangu wanatoa maua. Wote wa mama mmoja, kila mmoja na sura yake. Kama hawa wangu. Oliva mrefu, Kasto kibonge, Regina kachukua meno ya bibi yake. Mimi nimezaa mara tatu, mwalimu. Hakuna aliyetoka kama mimi."

"Kwa hiyo mama ulijua?"

"Niliwaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe mkwe."

Nikakaa chini palepale kwenye majani. Roho iliniuma mno, kwa sababu yule mama hakuwa amesema kitu nisichokijua. Wiki ileile nilikuwa nimesimama ubaoni nachora kromosomu kwa chaki za rangi.

Nieleze kwa kifupi kwa walioyaacha mambo haya shuleni. Mti unapokua, seli inajigawa mbili na kila moja inabeba nakala kamili ya maelekezo yote. Hiyo ni mitosis. Ukikata kikonyo, yaani kipande cha chipukizi, ukakiotesha, umepata mti uleule.

Lakini kwenye ua mambo ni mengine. Pale seli zinajigawa kwa meiosis. Maelekezo ya upande wa baba na ya upande wa mama yanakaa pamoja, yanabadilishana vipande, yanachanganywa kama karata, kisha kila seli ya uzazi inaondoka na nusu yake tu. Nusu hiyo inakutana na nusu nyingine. Chotara ana karata za aina nyingi, kwa hiyo kila mbegu yake ni mchezo mpya. Ndiyo maana wataalamu huzalisha miche ya chotara kwa vikonyo.

Miaka tisa nafundisha hayo. Wanafunzi wangu wanafaulu. Mimi nikaenda kusia mbegu.

Nikamweleza mama yote. Alisikiliza vizuri sana, halafu akauliza swali moja.

"Kwa hiyo ile ya baba yao, ningekata kikonyo kimoja tu kabla hamjang'oa, angekuwepo mpaka leo? Yuleyule?"

Ningeweza kuzunguka maneno. Nikasema, "Ndiyo, mama. Yuleyule."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilishindwa hata kuomba msamaha vizuri.

Baadaye akanyanyuka, akaniita mpaka mwisho wa shamba karibu na mpaka wa baba Deo. Kuna mti pale alikuwa ameufunga kitambaa chekundu. Mrefu kuliko wote. Majani machanga ya kahawia.

"Na huyu je?"

Nikauzunguka mara mbili. Mti wa baba Deo machipukizi yake ni ya kijani. Lakini ulikuwa umesimama mita chache tu kutoka kwa miti ya marehemu, na nilipopewa yale matunda ile miti ilikuwa bado hai, ilikuwa imetoa maua msimu mmoja nao. Kahawa yetu mara nyingi hujichavusha yenyewe, lakini siyo mara zote. Nyuki hajui mpaka wa shamba.

Nikamwambia, "Mama, sina kipimo cha kuthibitisha. Ila inawezekana kabisa huyu baba yake ni wa hapa nyumbani."

"Mimi sihitaji kipimo," akasema.

Miti iliyougua tumeikata, visiki vikachipua, mtaalamu wa kilimo akatusaidia kubebesha, yaani kuunganishia juu yake, vikonyo vya chotara halisi. Inaendelea vizuri. Ule wa kitambaa una madoa kiasi, kitaalamu ungeondoka. Haukuondoka. Nimekata vikonyo vinne vya machipukizi yaliyosimama wima, nikavifunika nailoni. Viwili vimekufa, viwili vimetoa mizizi.

Nilichojifunza: ukiwa msomi ukweni, usiulize "mmekubali?" Uliza "nyie mnaonaje?" kisha ukae kimya mpaka mtu aseme. Na kabla hujang'oa kitu alichokipanda mtu asiyekuwepo, kata kikonyo kwanza.

Wenye uzoefu wa kuotesha vikonyo kwenye baridi hii ya Mbinga nipeni ujuzi. Wa kunicheka pia mnakaribishwa, nimestahili.

Naandikia hapahapa Ukata. Nilipofika asubuhi mama hakuniuliza habari za safari, kauliza, "Umeshamsalimia baba mkwe?"

Nikashuka mteremkoni hadi kwenye kitambaa chekundu. Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba."